Mgonjwa wa Fundi Cherehani

Kijiko kilitoka mdomoni kimejaa vilevile kilivyoingia. Fundi cherehani akakirudisha.

"Meza, baba. Kidogo tu. Nakuomba."

Uji ukachuruzika kidevuni. Akaupangusa kwa kitambaa, akaanza upya, roho juu juu.

Mwenzake, mwalimu mstaafu, alikuwa amechuchumaa karibu na mlango akifua mashuka ya mgonjwa kwenye beseni. Kikundi chao cha huruma pale parokiani hutembelea wagonjwa wawili wawili, kila Jumatano, na ndivyo walivyopangwa hawa. Lakini fundi hakuishia Jumatano. Alikuja kila siku ya Mungu, cherehani yake nyumbani imefunikwa gubigubi, wateja wakimsema kwa nguo zisizokwisha.

"Mdogo wangu," mwalimu alisema, "hata marehemu mumeo hukumlisha hivi."

"Marehemu alikuwa na mikono yake."

Mwalimu akacheka, kisha akaacha. Kijiko kilikuwa kinatetemeka.

Mzee mwenyewe alikuwa wa kuhurumiwa kweli. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, leo huku, kesho kule, hana mke wala mtoto. Kiharusi kikamwangusha upande mmoja, kikamfunga na ulimi. Jirani ndiye aliyepeleka habari kanisani. Siku mwenyekiti aliposoma orodha ya wagonjwa, jina la mzee halijaisha kutajwa, fundi ameshanyoosha mkono. Wote walimsifu, maana chumba kile harufu yake ilikupokea ungali njiani.

Hii ilikuwa wiki ya saba. Alimgeuza, alimwogesha, alimpaka dawa vidonda vya mgongoni. Akimaliza, hukaa ukingoni mwa kitanda akamfundisha kama mtoto mchanga. "Sema ma. Sema ba." Mzee alitoa mlio kama bawaba iliyokosa mafuta, machozi yakamtoka. Na fundi naye yakamtoka.

Sasa asubuhi hiyo nesi wa zahanati alikuwa amepita, akamshika mkono, akamsikiliza kifua, akawavuta wanawake wale pembeni. "Jumapili haimkuti huyu."

Ndiyo maana uji ulipokataa mara ya tano, fundi alianguka magotini.

"Usife, baba! Usiniache hivi! Sema kwanza, ndipo uende!"

Mwalimu akaacha kufua, akaja kumshika mabega kwa mikono iliyojaa povu.

"Unaogopa atakufa bila kuungama. Najua. Lakini Mungu anamsikia hata bubu, mdogo wangu."

"Mungu anasikia, mwalimu. Na mimi je?"

Mwalimu alimpapasa tu mgongoni, kama unavyombembeleza mtoto aliyelia mpaka sauti ikakauka.

Hapo mzee akakohoa. Midomo ikahangaika, ikatafutana, ikakutana.

"Ma... ji."

Waliganda wote wawili. Kisha mwalimu akapiga ishara ya msalaba, povu likamwingia jichoni, wala asijali.

"Amesema! Bwana wangu, amesema!"

Fundi alikwisha kunyakua kikombe. Alimwinua mzee kichwa, akamnywesha tone kwa tone, mkono sasa umetulia kabisa.

"Kimbia kamwite padri," alisema bila kugeuka. "Kimbia, dada yangu, ulimi usije ukafungwa tena."

Mwalimu na miguu yake iliyovimba akatoka mbio, sapatu moja ikabaki kizingitini. Huko nje sauti yake ilisikika ikiwatangazia majirani muujiza.

Fundi akafunga mlango. Akasukuma komeo. Akarudi kitandani, akainama mpaka pumzi zao zikakutana.

"Mliondoka wawili na lile lori, wewe na utingo wako, ukarudi peke yako. Mwanangu ulimwacha wapi?"

Mzee akamtazama, akamtambua, akafumba mdomo.