Msindikizaji

Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuwepo, na mwenye mkono alikuwa akitazama mlango.

"Kajikata mwenyewe," kaka yake mkubwa alisema huku aibu imemjaa usoni. "Asubuhi hii, mbele ya boma zima. Huyu Gidahosh amepagawa, sista."

Fransiska, muuguzi aliyehamishiwa Hanang kutoka Songea, alidhani ameshaona kila kitu. Mtu wa kujiumiza namna hii hakuwahi kumwona. Alikandamiza kitambaa kwenye jeraha, akachukua sindano ya ganzi. Gidahosh akauvuta mkono wake, damu ikamwagika upya sakafuni.

"Gidahosh, utakufa! Unataka kufa?"

Alitikisa kichwa. Jasho lilimtiririka, midomo ilikuwa imekauka, na macho bado yako kule kule mlangoni.

Fransiska akachungulia nje. Mke wa mgonjwa alikuwa amejikunyata kwenye benchi chini ya shuka nene, kimya. Hakuuliza hali ya mumewe, hakutoa hata chozi. Mwanamke gani huyu! Fransiska alimkasirikia kweli kweli.

"Na yule mmemleta wa nini, baba, kama hawezi hata kuja kumshika mume wake?"

"Ni mila yetu," kaka akajibu. "Mwanaume akiumia, mke wake lazima amsindikize. Hata wazee hawana la kusema hapo."

Fransiska akajaribu tena kumchoma ganzi. Gidahosh akauficha mkono kifuani, na shati lote likalowa. Fransiska alihisi machozi yakimlenga. Mtu anamfia mikononi, na dawa iko hapo hapo mezani.

"Baba, kimbia maabara wakapime damu yako. Huenda tukamwongezea."

Kaka akatoka mbio. Mlango ulipofungwa tu, Gidahosh alimkamata muuguzi kwa mkono ule mzima, akamvuta karibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Sista, mimi niache. Shika yule wa nje."

"Yule ana nini?"

"Uchungu. Tangu juzi, mtoto hatoki. Nimeomba wazee gari, wamekataa. Wanasema mwanamke anazalia bomani, hatoki." Akameza mate. "Lakini mimi nikiumia, lazima aje."