Bwana wa Jana

Jumapili, tarehe tatu Mei. Tangu asubuhi mji wa Okayama, Japani, ulikuwa na jua kali na upepo kidogo.

Kwenye jukwaa la maonyesho juu ya paa la duka kubwa, watoto walikuwa wakimzomea Shigemitsu. Akiwa ndani ya vazi la mpira, aliigiza Bwana wa Jana, yule adui wa kipindi cha televisheni anayewarudisha watu siku zilizopita na kuwafungia huko. Maneno yake yote yalikuwa yamerekodiwa na mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kuyafuatisha kwa mikono na kichwa. Kusema alikatazwa.

Ghafla msichana mdogo akapanda jukwaani.

"Shuka, we mjinga! Atakufungia!" wenzake wakapiga kelele.

"Mjomba," akasema yule msichana, "nirudishe mwezi wa tatu. Bibi alikuwa bado mzima."

Jasho lilimwingia Shigemitsu machoni. Zipu ilikuwa mgongoni, asikoweza kuifikia. Sentensi inayofuata aliijua kwa moyo. Akamwomba Mungu rekodi ikwame.

Akatikisa kichwa kukataa. Msichana akaukumbatia mkono wake wa mpira.

Spika zikanguruma, mbele ya watoto mia mbili na wazazi wao:

"Njoo! Nitakurudisha. Naahidi!"