Marahaba ya Pampu

Skrini ya pampu iliandika "hakuna mawasiliano", na mtaa mzima ulikuwa hauna maji. Nyaya zilikuwa nzima. Fundi Mwanahawa akamuuliza mwendeshaji, "Hii skrini mpya inakisalimiaje kidhibiti cha pampu?"

"Inasema mambo."

Mwanahawa akacheka. Siku hizi mashine huheshimiana kwa umri, na kidhibiti kile kilimzidi hata yeye. Akairekebisha skrini iseme shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," kidhibiti kikanguruma, na maji yakapanda. Kumbe chuma nacho kina adabu! Alirudi nyumbani akikisifu njia nzima.

Jioni binti yake Tunu akaingia, akasimama mbele ya friji kuukuu ya bibi yake.

"Shikamoo."

Friji ikafunguka. Tunu akachukua juisi, akapita zake chumbani. Mwanahawa akabaki na marahaba yake mdomoni.