Vifo Vitatu vya Aimé

Babu yake Emerance alikuwa amekufa mara tatu, na Kelly wa karakana ya mawe ya makaburi kule Granville, Sydney, alitaka tarehe moja tu.

"Just one, Emerance," alimwambia kwenye simu, kwa upole.

Jiwe lenyewe lilikuwa tayari. Upande wa kushoto walishachonga jina la bibi yake, Chibalonza, na miaka yake. Upande wa kulia ulikuwa mtupu. Bibi mwenyewe, alipojiona hatapona, alinunua kaburi la watu wawili, akaagiza jina la mumewe, Aimé, liandikwe ubavuni mwake. Hakueleza zaidi. Sasa ibada ya kuondoa matanga ilikuwa Jumamosi, na kanisa zima lingekuja kulitazama jiwe hilo.

Emerance hakumkumbuka babu huyo. Mama yake alimzaa kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, akafariki. Bibi ndiye aliyemlea, na walipoletwa Sydney alikuwa na miaka minne. Kwa hiyo aliandika barua pepe huku na huku, akajaza maombi ya kupewa mafaili yao ya zamani, akangoja karatasi.

Karatasi zilikuja zikigombana. Kwenye maombi ya viza, Aimé aliuawa kwa risasi Bukavu. Kwenye maombi ya uraia, alizama ziwani akikimbia vita. Hospitalini, nesi alipomuuliza bibi habari za familia, Aimé alikuwa amekufa kwa kipindupindu. Mwanamke aliyejua Zaburi kwa moyo, moja baada ya nyingine, alishindwa kukumbuka mumewe alikufaje.

Kisha ikaja sensa ya kambi ya mwaka 2005. Humo Aimé alikuwa mkuu wa kaya, ana mke na mjukuu mchanga. Kwa marehemu, alikuwa mzima wa kutosha kupanga foleni ya mahindi.

Emerance alizisoma zote akiwa kwenye treni kutoka kazini, wala hakusikia kitu. Mwaka mzima alikuwa hivyo. Siku ya mazishi watu walilia mpaka wakashikiliwa, yeye akabaki anatazama viatu vyao. Haukuwa uchungu wala nafuu; ilikuwa ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, na alishachoka kungoja iishe.

Alimtafuta Mama Falone, jirani yao wa zamani ambaye bado yuko kambini. Jibu lilikuja kwa sauti, kuku wakilia nyuma yake.

"Aimé? Siku ile munapanda basi ya kuenda, alikuwa mzima kabisa. Nilimuona na macho yangu. Alikubeba mgongoni mpaka kwa mlango wa basi."

Kumbe hakufa. Emerance aliusikiliza ujumbe mara ya pili, akaunganisha mwenyewe. Mume alikuwa hai, mke akasafiri akiitwa mjane. Basi mume alikataa kuja. Pengine alikuwa na mwanamke mwingine kambini. Bibi akaona haya, akamuua kwenye makaratasi, kila ofisi na kifo chake. Na mtu wa namna hiyo ndiye achongwe kwenye jiwe lake? Hasira ilimpanda, kitu cha kwanza kumpanda tangu msiba, halafu nayo ikafa ganzi.

Alipofika nyumbani Doonside, alimkuta Mzee Fidèle jikoni, anakata sombe, majani ya muhogo aliyoyanunua Auburn. Mzee huyu, ambaye Emerance alimwita Koko kama wazee wote wa kwao, alikuwa kaka wa bibi. Alikuja nao ndege moja, akabeba maboksi ghalani miaka kumi na mitano ili Emerance asome. Katika sensa ile hakuwemo. Mwenyewe alisema siku zote kwamba yeye alifika kambini mwishoni. Chumba cha bibi kilikaa kitupu mwaka mzima, lakini bado alilala sebuleni kwenye kochi, na Emerance aliona ni heshima ya watu wa zamani.

"Koko, Aimé hakukufa."

Mzee aliweka kisu chini. "Nani alikuambia?"

"Mama Falone. Alikuwa mzima siku tunaondoka. So alituacha tu. Alitubeba mpaka kwenye basi, then akageuka."

"Hakuwaacha."

"Basi kwa nini bibi alisema yeye ni mjane?"

Mzee alinawa mikono taratibu, akaifuta kwa kitambaa kilichokuwa begani. Na yeye hakuwa amelia mwaka mzima. Hilo Emerance alikuwa amelitambua, maana walikuwa wawili.

"Wajane ndio watu wa viza walikuwa wanaita mbele," alisema. "Faili ya bwana na bibi, walikatala mara mbili. Waasi walimbebesha Aimé bunduki angali kijana, na mtu mwenye alishikaka bunduki hawakumutaka. Lakini mujane, na mutoto, na kaka ya kuwasindikiza, hao walipita."

"So akakubali kufutwa?"

"Alikubali."

"Na bibi akakubali?"

"Alikatala. Alilia siku nyingi. Kisha akakutazama wewe, ulikuwa na homa, akakubali."

Emerance alikaa kitini. Alijaribu kumwonea huruma mtu huyo asiyemjua, akakosa pa kuanzia.

"Kelly anafunga saa kumi na moja," alisema. "Watu wataniuliza Jumamosi, Koko. Nimwambie nini? Nifute jina, au niandike mwaka wowote tu?"

Mzee alitazama mlango wa chumba cha bibi.

"Jina, wachonge," alisema. "Tarehe mutaongeza siku mutanizika."