Mteja Asiyenunua

Bi Mwanahawa alizoea kuyatazama magari ya kifahari kupitia kioo cha duka la magari, mpaka mlinzi amwambie asogee. Siku hiyo mlinzi hakuwepo, naye akajikuta ameshaingia ndani.

Muuzaji mmoja kijana, jina lake Kombo, akamjia.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nisikupotezee muda, mimi sinunui. Nayapenda tu."

"Hata mimi siwezi kununua hata moja," Kombo akasema, akamfungulia mlango wa gari moja jekundu. "Ingia ukae."

Bi Mwanahawa akavua kandambili, akaziacha sakafuni, ndipo akaingia. Wauzaji wengine wakaangua kicheko. Kombo hakucheka. Alizunguka upande wa pili, akainama, akavua viatu vyake vilivyong'aa, akaketi kando yake.

Bi Mwanahawa akajiweka sawa kwenye kiti cha dereva. Akaushika usukani kwa mikono miwili. Kombo akabonyeza kitufe, taa za dashibodi zikawaka.

"Haya, mama, leo unanipeleka wapi?"

Bi Mwanahawa alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha taratibu akawasha indiketa.