Rangi ya Kucha

Bwana Festo alikuja wodini kuwaenzi wauguzi kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, na kwa heshima zote aliwaenzi kwa kuwazibia njia. Sista Mwantumu hakuwa na mkono wa kumsukuma. Mmoja ulikandamiza barakoa usoni pa binti aliyeumwa na nyoka, mwingine ulibinya mfuko wa hewa, maana mashine ya kupumulia ilikuwa imemtangulia mgonjwa kufa.

"Sista, inua kidevu kidogo. Hapo utapendeza."

"Nikipendeza mimi, kaka yangu, huyu anakata roho."

Kamera ikalia. Dawa ya sumu ilikuwa bado njiani, na vidole vya Mwantumu vilishakufa ganzi. Mkono wa binti ulining'inia upande wa Festo, ambako Mwantumu hakuweza kuona.

"Nitazamie kucha zake, nijue kama hewa inamfikia. Zina rangi gani?"

Festo akatazama kioo cha kamera. "Kijivu, Sista."

Mwantumu akabinya kwa nguvu zaidi, machozi yakimdondoka. Kisha wazo likamjia.

"Na kanga aliyofunikwa?"

"Kijivu pia."

"Kanga ni nyekundu, wewe! Weka hilo dude chini, utumie macho uliyozaliwa nayo!"

Festo akaiweka kamera sakafuni. Akapiga magoti, akakishika kidole cha binti taratibu na kukigeuzia dirishani kwenye mwanga, huku Mwantumu akibinya, na kubinya tena, akingoja aseme.