Jina Moja Kwenye Seva

"Umefika wapi, Deo?" Byarugaba aliuliza tena, akitafuna punje zake za kahawa. Kiti chake alikiweka mlangoni kabisa, hakuna wa kuingia wala kutoka.

"Zinaingia, bosi."

Barua pepe zote za chama cha wakulima wa kahawa, hapa Nyaishozi, zilikuwa zikihama kutoka kwenye seva kwenda kwenye hifadhidata mpya, ili jina lolote litafutwe na kuonekana papo hapo. Kazi hiyo Deodatus aliiomba mwenyewe. Sasa alitamani umeme ukatike, na umeme, ambao hukatika kila siku bila kuombwa, leo ulitulia.

Maana asubuhi bosi alisema, "Kuna mgeni anakuja, ameelekezwa kwetu na watu wa wilayani. Anamtafuta mtu anaitwa Kantengwa. Tutaanza na huyo."

Kantengwa ni mama yake Deo. Kule kijijini Chonyonyo wanamjua kama Mama Deo tu, na yeye humwita mwanawe Mucyo, jina lake la Kinyarwanda, mlango ukishafungwa. Deo alikuwa na miaka minne walipokuja watu wakiita majina; baba yake alipandishwa lori na wengine wenye asili ya Rwanda, akavushwa mpaka. Tangu hapo mama hufunika sahani moja ya ziada kila jioni. Na amemfundisha mwanawe jambo moja: wakija wanaotafuta jina, jina halipo.

Gari likasimama nje. Byarugaba akatoka kumpokea mgeni.

Deo akaandika jina. Likaja: barua ya zamani, Kantengwa, mkulima wa Chonyonyo, na namba ya simu. Akafuta kwenye hifadhidata, akafuta kwenye seva, akafuta na nakala ya akiba. Akatafuta tena. Hakuna kitu.

Wakaingia. Mgeni alikuwa mzee mwenye koti lililopauka, kofia mkononi.

"Shikamoo," Deo alisema bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu."

"Bosi, jina hilo halipo."

Mzee akaketi taratibu. "Chama cha Bweranyange wameniambia hivyo. Kyerwa pia." Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno. "Mimi ni mume wake, Leonidas. Walinivusha mpaka, tukapotezana. Kibali cha kurudi nimekipata mwaka huu."

Vidole vya Deo vilibaki juu ya kibodi.

Byarugaba alimwonea huruma mzee wa watu. "Hamkuwa na mtoto?"

"Mmoja. Mucyo."

"Deo," bosi alisema, "hebu tafuta na hilo."